Ziwa Moja

Kabla ya adhana nilisikia chekeche. Kiganja kiligonga ukingo wake taratibu, kikanyamaza, kikagonga tena. Nuhu alikuwa amekwisha amka. Alikaa jikoni kwenye kigoda, taa ya jua imening'inia juu ya kichwa chake, akiuchekecha unga wa uwele mara ya tatu ili aone kama kuna kitu watu wametia.

Sikumwambia aache. Miaka ishirini na tatu alikuwa hali ila unga aliouchekecha mwenyewe. Akimaliza, mimi hupika uji yeye akinitazama mikono. Uji ukiiva nachota kijiko cha kwanza, naonja, nameza mbele yake, kisha nampa kijiko kilekile naye anakula. Hayo ndiyo mapatano yetu tangu alipoanza kuwasikia watu ambao sisi hatuwasikii. Hospitalini waliuita ugonjwa wake skizofrenia. Nyumbani tulisema Nuhu ana wageni.

Nilimuuliza kama wageni walikuwa wengi usiku ule. Akasema walikuja wawili tu, na mmoja alikuwa na mafua.

Maimuna akatoka chumbani amevaa gauni lake jeupe la ukunga. Ni mjukuu wangu, mtoto wa marehemu mwanangu Jumanne, nami ndiye niliyemlea. Alikuwa amemaliza chuo, na mwalimu wake aliwahi kuniambia kwamba msichana huyu ana mikono inayojua kusubiri. Zahanati ya kwetu Kondoa ilikuwa haina mkunga tangu mfungo wa mwaka uliopita. Walikuwa wanamngojea yeye.

Alikaa kizingitini akanisomea simu yake. Ombi la leseni limekataliwa. Mwombaji ana Alama ya Tatu. Sababu: ndugu wa baba, wa tumbo moja, ni mgonjwa. Mwenye pingamizi alilete ndani ya siku kumi na nne.

Nuhu alisikia yote. Akangoja uji uive. Aliumimina uji wake kwenye kikombe, ule aliouhangaikia tangu giza, akampelekea Maimuna pale kizingitini. Sikuwahi kumwona akimpa mtu uji wake.

"Kunywa, mwanangu," akamwambia. "Huu nimeukagua."

*

Yafaa niseme habari ya zile alama, maana watoto wa sasa wanadhani zilikuwapo tangu dunia iumbwe.

Walikuja miaka tisa iliyopita na gari la bluu. Walikuwa wanatafuta chanzo cha ugonjwa wa Nuhu na wa wengine kama yeye, na mwanzoni nilifurahi, kwa sababu hakuna mtu aliyewahi kunitafutia chanzo. Kila mtu alitema mate kwenye kichupa. Kisha kila mzee wa nyumba alikaa mbele ya Msikizi, kijisanduku kinachosema Kiswahili safi kama mtangazaji wa redio, akakieleza nani amezaa nani. Mate na maneno vikaunganishwa, ukatokea Mti wa Taifa, kila ukoo tawi lake. Walisema ni kwa ajili ya dawa. Dawa bado hatujaiona. Alama zilikuja kwanza. Ya Kwanza ni salama, ya Pili ni ya kuangaliwa, na mwenye ya Tatu haendeshi basi, hafundishi darasa, wala hapokei mtoto anayezaliwa. Wanasema si adhabu, ni tahadhari.

Siku ile gari lilipokuja, Nuhu alikataa kutoa mate. Sheria ilimruhusu kukataa, maana mgonjwa halazimishwi. Basi mahali pa mate yake Mti ulijaziwa maneno. Maneno yangu.

Nilikwenda ofisi ya wilaya peke yangu. Afisa wa Mti alikuwa Bwana Kiula, mtu mzima mwenye sauti ya chini. Aliponiona nachechemea kwa goti bovu alitoka nyuma ya meza akanipa kiti chake chenye mto, yeye akakaa kwenye benchi la wageni. Akanitafutia rekodi ya siku ile.

Ni ajabu kujisikia mwenyewe. Msikizi aliniuliza kama Jumanne na Nuhu ni ndugu. Sauti yangu, yenye nguvu kuliko sasa, ikajibu: "Ndugu kabisa. Wamenyonya ziwa moja." Na Msikizi akasema: "Asante, bibi. Baba mmoja, mama mmoja." Baada ya hapo ni kimya, kisha akaitwa mwingine.

Bwana Kiula akanitazama, akasubiri. Alikuwa ameona kwamba ninalia. Akavua kofia yake akaifunika juu ya Msikizi wa mezani, akafunga mlango.

Nikamweleza jambo ambalo sikumweleza mtu kwa miaka arobaini na nne. Nuhu sikumzaa mimi. Alizaliwa na Zamda, jirani yangu, mwaka wa njaa, na mumewe alikwisha potea machimboni. Zamda hakumaliza siku arobaini za uzazi. Siku anakata roho nilikuwa na Jumanne kifuani, wa miezi minne. Akanitazama tu, nami nikamhamisha Jumanne ziwa la kushoto nikamweka Nuhu kulia. Tulipohamia upande huu wa mto hapakuwa na aliyejua, na mume wangu alikuwa mtu wa kutunza neno. Niliapa kwamba sitamwita mtoto wa mtu. Ndiyo maana sikumwambia Msikizi kwamba si wangu, wala sikusema ni wa tumbo moja. Uongo sikutaka. Nilisema ziwa moja, nayo ilikuwa kweli tupu. Kumbe sanduku lile limefundishwa misemo yetu yote. Kwa kila mtu, kunyonya ziwa moja maana yake ni kuzaliwa na mama mmoja.

"Na liliposema baba mmoja, mama mmoja, ulisikia?" akauliza Bwana Kiula.

Nilisikia. Sikulisahihisha. Lilinifurahisha, kwamba hata serikali imeandika hivyo.

Akavuta benchi karibu. Kisha akanieleza, polepole, akirudia kila palipo pagumu. Maneno yangu peke yake hayawezi kumtoa Nuhu kwenye tawi letu, kwa sababu siku hizi kila wiki watu wanakuja kuwakana wagonjwa wao. Mwezi uliopita kijana mmoja alimkana mama yake mzazi. Mti unataka mate. Kumlazimisha Nuhu ni kosa. Lakini sheria inasema kwamba mate yaliyoachwa si mate yaliyochukuliwa. Kikombe alichonywea, mswaki, kijiko. Akatoa bahasha ya plastiki akaiweka mbele yangu, na akaniambia kwamba kijiko kisiguswe na mdomo mwingine.

Kisha akaniambia na hili, wala hakulificha. Mate yakionyesha kwamba Nuhu si damu yetu, atatolewa kwenye tawi letu na alama ya Maimuna itafutwa, lakini yeye hana tawi jingine. Mgonjwa asiye na mti hana mlezi kisheria. Anapelekwa Makazi ya Utulivu, na huko wanaoruhusiwa kutembelea ni jamaa wa damu tu.

"Nimekuambia ili usije ukasema hukuambiwa," akasema. "Ungekuwa mama yangu ningekuambia hivihivi."

*

Maimuna nilimweleza jioni, tukichambua choroko. Hakuniangalia. Mikono yake iliendelea, mbovu huku, nzima huku.

Nilimngoja. Mtoto huyu alichekwa shule nzima kwa ajili ya Nuhu. Walimwita mtoto wa redio mbovu. Hakuwahi kurudi nyumbani akamnunia. Akiwa mdogo, mimi nikiwa shambani, Nuhu ndiye aliyemfundisha kutembea, akirudi kinyumenyume mbele yake uani mchana kutwa, na wageni wake akiwaambia wapishe njia.

"Ni baba yangu mdogo au si baba yangu mdogo?" akauliza mwishowe.

"Ni baba yako mdogo. Kwa ziwa. Hata dini inakubali. Asingeweza kukuoa."

"Ziwa halina alama, bibi."

Nikasema ni kweli, halina.

Akaniuliza Makazi ni mbali kiasi gani. Nikamwambia. Akaniuliza kama kule wanapigwa. Nikamwambia Bwana Kiula amesema hawapigwi. Akazipepeta choroko mara mbili, ingawa zilikuwa safi.

"Mimi sikuambii ufanye," akasema. "Usije siku moja ukasema nilikuambia. Na usinifanye niseme usifanye, kwa sababu hilo nalo siliwezi."

Akaenda kulala. Bahasha alikuwa ameiona juu ya kabati la vyombo. Hakuigusa, wala hakuitupa.

Siku tatu nilimtazama Nuhu. Nilijipa kila hesabu wanayojipa watu. Nina miaka sabini na moja. Nikifa nani atapika uji yeye akimtazama? Maimuna ana miaka ishirini na miwili, na Alama ya Tatu itamfuata hadi kwa watoto wake. Wanawake wa kwetu wanazalia njiani, juu ya pikipiki. Mwezi ule tulimzika mmoja, binti wa fundi cherehani, na mtoto wake tumboni. Hesabu zote zilikuwa sawa. Hakuna hata moja iliyoniambia nimtazame Nuhu machoni.

*

Alhamisi nilipika kama kawaida. Alikaa mahali pake. Uji ulipoiva nilikichukua kijiko nilichokiosha kwa maji ya moto mara tatu, nikachota, nikampa yeye.

Akakishika. Hakula.

"Mama, leo hujaonja."

Nilikuwa nimeyaandaa maneno tangu jana yake.

"Nimefunga, mwanangu. Leo Alhamisi, nimefunga sunna."

Nimesali miaka sitini. Sijawahi kumdanganya mtu kwa jina la funga.

Nuhu alikitazama kijiko. Nikaona midomo yake inacheza, anajibizana na watu wake. Nilijua wanamwambia nini, maana safari hii walikuwa wanasema kweli. Nilitamani awasikilize. Nilitamani akitupe chini, anitukane, atoke nje, nami niseme nimejaribu imeshindikana.

"Nyamazeni," akawaambia. "Huyu ni mama."

Akala. Alikula bakuli zima, na alipomaliza akanirudishia kijiko kwa mikono miwili, kwa adabu. "Mungu aitakabali funga yako," akasema. Akaona kwamba natetemeka, akadhani ni njaa, akaniambia niende nikalale, vyombo ataosha yeye.

Nikakificha kijiko ndani ya kanga. Siku ile sikula hadi jua likazama. Haikuwa funga. Sijui ilikuwa nini.

*

Majibu yalichukua siku nne. Tulikwenda wote wawili, mimi na Maimuna, na daktari aliyetupokea alikuwa binti mdogo aitwaye Elinami, mwenye macho mekundu ya kukosa usingizi. Alitupa chai kabla ya kusema lolote, na ya kwangu aliipoza kwa kuimimina kikombe hadi kikombe.

Ukutani kwake zilitokea nukta nyingi, mia nne na kitu. Alisema kila nukta ni mahali kwenye vinasaba ambapo wametafuta chanzo cha ugonjwa, na kila mahali wamekuta kidogo tu. Nikamwambia sielewi. Akafikiri, akasema niwaze gunia la mahindi ukingoni mwa ghala. Kila nukta ni mkono wa mtoto unaolisukuma. Mkono mmoja haufanyi kitu. Mikono mingi huweza kulitikisa, na bado mara nyingi gunia halianguki. Na kuna magunia yanayoanguka bila ya kusukumwa na mkono wowote wanaoujua.

"Na Nuhu ana mikono mingapi?" nikauliza.

Akazifuata nukta kwa kidole.

"Michache sana, bibi. Michache kuliko yangu mimi."

Maimuna akaweka kikombe chini.

"Kwa hiyo alama yake ni ipi?" nikauliza.

"Ya Kwanza."

"Angeweza kuendesha basi."

"Kwa damu yake, angeweza."

Nikamuuliza basi ni nini kilichomwangusha. Akasema hajui. Huenda ni njaa aliyoipata akiwa tumboni, huenda homa ya utotoni, huenda kitu ambacho hawajakipa jina. Wanatafuta bado. Alisema hivyo kwa aibu, nami nilimheshimu kwa aibu ile, maana wakubwa wake walikwisha kuzigawa alama kabla ya kujua.

Na Maimuna, Nuhu alipotolewa kwenye tawi letu, akawa wa Kwanza pia. Leseni yake iliingia kwenye simu tukiwa tumekaa palepale. Wawili wenye alama moja. Mmoja akapewa kazi, mwingine akanyang'anywa nyumba.

"Kama damu yake ni safi," nikasema, "mnamchukua kwa nini?"

"Kwa sababu hana mti, bibi."

"Andika basi kwamba alinyonya kwangu. Iandike hiyo."

Akajaribu. Ninataka ijulikane kwamba alijaribu. Alimsemesha Msikizi wake kwa njia tatu tofauti, akatumia maneno ya kisheria na maneno ya kawaida. Sanduku likamsikiliza hadi mwisho, kisha likajibu kwa ile sauti yake tamu: "Sahihisho limepokelewa. Kunyonya ziwa moja si uhusiano. Asante."

Daktari Elinami akaligeuza uso chini juu ya meza.

*

Walikuja kumchukua Jumatatu iliyofuata. Nuhu hakugombana nao. Nilimwambia anakwenda kupumzika, naye akaniuliza kama nimekubali, nikasema nimekubali, akapanda. Maimuna alimkumbatia kwa muda mrefu hadi dereva akazima injini na kushuka, akajifanya anakagua matairi, ili wasihisi wanaharakishwa.

Simu yenye leseni Maimuna aliitia sandukuni, chini ya nguo za baridi. Siku mbili hakuitazama. Siku ya tatu mwanamke alibebwa kwenye kitanda cha kamba hadi mlangoni kwetu, chupa imekwisha pasuka, na Maimuna akanawa mikono. Sikumlaumu. Mtoto alikuwa wa kike, mzima. Walitaka kumpa jina langu. Niliwaomba watafute jingine.

Mimi niliitwa Makazi mara moja, kwenda kutia sahihi. Karatasi ilisema kwamba mimi, Mwanahawa binti Isuja, si jamaa wa mgonjwa, na kwamba nimeruhusiwa kumwona siku hii ya kukabidhi peke yake, kwa muda wa saa moja. Mwanamke wa ofisini alinisomea mara mbili kwa sababu macho yangu hayakuiona mistari. Askari wa mlangoni aliandika kwamba nimeingia saa tano, na ilikuwa bado saa nne. Alinipa saa nzima ambayo haikuwa yake.

Nuhu alikuwa kwenye benchi uani, amenyolewa, shati safi. Alikuwa amekonda. Akanisogelea akanibusu mkono, akanipangusia vumbi mahali pa kukaa. Akanieleza habari za pale. Jirani yake wa kitanda ni mwalimu wa hesabu aliyeacha kusema, lakini usiku humfunika Nuhu shuka likianguka. Dawa ni chungu kuliko za nyumbani. Wageni wake wamepungua, anadhani njia hawaijui.

Nilikuwa nimekuja na jambo moja la kusema. Nilitaka kumwambia habari ya Zamda, ya kijiko, ya funga yangu ya uongo, nimwombe anisamehe ningali nimekaa karibu naye. Nikaanza. Nikasema, "Nuhu, kuna kitu sikukuambia."

Akaninyamazisha kwa mkono, akainama karibu na sikio langu kama mtu mwenye siri ya kuchekesha.

"Yule mama wa ofisini juzi aliniambia wewe si mama yangu," akasema. "Nikamwambia na yeye ameze dawa zake."

Akacheka. Alicheka hadi akashika mbavu, na mimi, Mungu anisamehe, nikacheka naye. Kisha sikuweza tena kusema nililokuja kusema. Tukakaa. Alinieleza mambo mengine madogo, nami nikayasikiliza yote, nikamtazama masikio, shingo, vidole, kama nilivyomtazama siku ya kwanza nilipompakata.

Askari akaja akasimama mbali, akatugeuzia mgongo. Akakohoa mara moja.

Nuhu alinisindikiza hadi kwenye mstari mweupe ambao hawaruhusiwi kuuvuka. Akanirekebishia kanga begani. Karatasi yangu ilikuwa mkononi, imekunjwa, naye hakuiuliza.

"Siku ya kutembelewa ni Jumatano," akasema. "Nimemuuliza askari mara mbili ili nisikosee. Utakuja, mama?"